Bunduki Kuukuu za Mlima Kenya: Mali Isiyo na Soko

Oktoba 2010, bunduki moja kuukuu ya marisau iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola 862,500. Ilitengenezwa na kampuni ya A. H. Fox, na ni kazi nzuri ya kiwandani, lakini zipo nyingine za kampuni hiyo ambazo hazifiki hata sehemu ndogo ya bei hiyo. Hii ilikuwa ya Theodore Roosevelt. Alikuja nayo Afrika Mashariki mwaka 1909, alipomaliza urais, katika safari ya uwindaji iliyopita kando ya Mlima Kenya na kumfikisha Meru. Wakati huo Meru ilikuwa kituo kichanga cha serikali, kilichofunguliwa mwaka uliotangulia na Edward Horne, Mwingereza ambaye Wameru walimwita Kangangi. Mnunuzi wa 2010 hakulipia chuma na mbao. Alilipia uthibitisho wa nani aliyeishika bunduki ile, lini na wapi.

Biashara ya silaha kuukuu kote duniani inasimama juu ya jambo hilo. Na katika mlima uleule, kuanzia mashamba ya ngano ya Timau hadi uwanda wa Mbeere, historia ya bunduki ni nzito kuliko ya sehemu nyingi za Afrika. Mafundi wa chuma na wa mbao wapo tele. Lakini kazi ya kukusanya na kukarabati bunduki za zamani, kazi inayowalisha watu Birmingham na Brno, Meru na Embu ni kama haipo. Naamini kinachokosekana si mali wala ufundi. Kinachokosekana ni njia inayoeleweka ya kuitoa bunduki darini, kuipitisha kwenye sheria na kwa fundi, na kuifikisha kwa mnunuzi halali au kwenye jumba la makumbusho. Kila mwaka unaopita bila njia hiyo, mali hii inazidi kuliwa na kutu au kuteketea motoni.

Tuanze na bunduki ndogo, kwa sababu ndizo zilizokaa karibu zaidi na maisha ya shambani. Risasi ya .22 ina kipenyo cha takriban milimita 5.6. Aina yake inayotumika zaidi leo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1887, na tangu hapo vipimo vyake vimebaki vilevile. Jambo hili ni muhimu sana kwa mfanyabiashara. Bunduki nyingi za karne iliyopita zimekufa kwa sababu risasi zake hazitengenezwi tena. Zimegeuka mapambo ya ukutani. Bunduki ya .22 yenye miaka 100, ikiwa mtutu wake umepimwa na fundi akaridhika nao, bado inatumia risasi iliyotoka kiwandani mwaka huu. Ndiyo maana wakusanyaji wengi wa kipato cha kawaida huko ng'ambo huanza na .22: bei yake hubebeka, risasi yake ni rahisi, na haimpigi mtu bega.

Bunduki hizi ndogo zilifika huku pamoja na serikali ya kikoloni na walowezi. Embu iliingia chini ya Waingereza baada ya vita vya 1906, Meru mwaka 1908, kisha ardhi ya juu ya Timau ikakatwa kuwa mashamba makubwa ya Wazungu. Mlowezi alikuwa na bunduki nzito kwa ajili ya nyati na ndovu, na nyepesi kwa ajili ya kanga, sungura na tumbili waliomaliza mahindi. Ile nyepesi kwa kawaida ilikuwa BSA ya Birmingham, au Winchester au Remington ya Marekani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja BRNO kutoka Chekoslovakia, zenye mtutu ambao walenga shabaha wanausifu mpaka leo. Maduka yalikuwa Nairobi; Shaw & Hunter ni jina ambalo wazee wa uwindaji bado wanalikumbuka. Huko ndiko bunduki zilikonunuliwa, na huko ndiko zilikorudishwa zikiharibika. Hata enzi hizo ufundi haukukaa mlimani. Ulikuwa mjini, karibu na reli na karibu na ofisi ya leseni.

Kisha Mei 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine. Kwa wanyama ulikuwa uamuzi mzuri, na sitautetea uwindaji hapa. Lakini kwa upande wa hesabu, siku ile duka la bunduki lilipoteza mteja wake mkubwa. Mwindaji wa kulipia, aliyeleta bunduki ya bei ghali kusafishwa kabla ya safari na kutengenezwa baada yake, aliondoka akaenda Tanzania au kusini zaidi. Mafundi waliozeeka hawakupata vijana wa kuwarithisha. Mteja aliyebaki ni mkulima mwenye .22 yake ya kulinda mazao, pamoja na walenga shabaha wachache. Siku hizi mfanyabiashara wa mjini anayeomba cheti anataka bastola ya kujilinda. Bunduki ya babu haimhusu.

Baada ya soko kuna sheria. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mizizi yake iko mwaka 1953, katikati ya Hali ya Hatari, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipigana na Mau Mau katika misitu ya mlima huu na ya Nyandarua. Ilitungwa na watu walioogopa bunduki mikononi mwa Mwafrika, na uthabiti wake umebaki. Kila bunduki lazima iwe na cheti, na cheti hudumu mwaka mmoja. Ndani yake huandikwa aina ya bunduki, namba yake na idadi ya risasi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kuwa nazo. Kuwa na bunduki ya kawaida bila cheti ni kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 5, na kwa silaha za kivita adhabu inapanda zaidi. Cheti hakirithiwi kama shamba. Mwenyewe akifariki, bunduki inapaswa kupelekwa polisi, na mtoto anayeitaka aombe cheti chake mwenyewe, achunguzwe upya kama mtu mwingine yeyote.

Kifungu kinachowahusu mafundi moja kwa moja ni kile cha wauzaji waliosajiliwa. Sheria haimruhusu mtu kutengeneza, kuuza, kukarabati wala kujaribu bunduki kama kazi ya kumpatia riziki mpaka awe amesajiliwa. Kwa hiyo fundi wa jua kali wa soko la Gakoromone mjini Meru, anayeweza kuchonga gia ya mashine ya kusaga na kuchomelea chesisi ya lori, akigusa kifyatulio cha .22 kwa malipo anavunja sheria, hata kama mteja wake ana cheti safi. Naye mteja akimwachia bunduki usiku mmoja tu, ameikabidhi kwa mtu asiye na haki ya kuishika. Waliosajiliwa wamejikita Nairobi. Kwa mkulima wa Timau au wa Runyenjes, kubadilisha springi moja ni safari ya mjini akiwa na silaha na cheti mkononi, kurudi bila silaha, kisha kwenda tena kuichukua. Wengi huona heri iendelee kukaa kwenye sanduku la chuma.

Desemba 2018 mambo yalikaza zaidi. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Fred Matiang'i, alifuta leseni zote za silaha za raia nchini na kuwapa wenye nazo siku 90 wafike kuhakikiwa upya na Bodi ya Leseni za Silaha. Wafanyabiashara walilalamika, lakini kwa maoni yangu zoezi lile lilikuwa na faida ambayo hata wapenzi wa bunduki kuukuu wangeitumia: lilifungua daftari. Bodi ilipata nafasi ya kujua ni nani ana nini. Katika biashara ambayo bei yote inategemea asili ya kitu, daftari safi ni mtaji. Hasara ni kwamba daftari hilo linatumika kwa usalama peke yake. Hakuna anayeuliza kama bunduki iliyoletwa kuhakikiwa ni ya mwaka 1910 au ya juzi.

Ukali huu una sababu, na anayetaka soko lifunguliwe hana budi kuanza kwa kuukubali. Shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria mwaka 2017 kwamba silaha zilizo mikononi mwa raia Kenya ni karibu 750,000, na zilizosajiliwa kati ya hizo ni elfu nane na kidogo. Kaskazini mwa Meru, kuanzia Buuri hadi Tigania na Igembe, mpaka na Isiolo umekuwa njia ya wizi wa mifugo kwa miaka mingi, na watu huuawa kwa bunduki ambazo hazijawahi kuona cheti. Mama aliyempoteza mwanawe malishoni hawezi kuambiwa kwamba bunduki ni urithi. Kwa sababu hiyo mjadala wa bunduki kuukuu hauna budi kutenganishwa kabisa na ule wa silaha za wezi wa mifugo, na aliye wa kwanza kuutenganisha anapaswa kuwa mkusanyaji mwenyewe, kwa kuweka kila kitu wazi mbele ya polisi.

Sasa tuingie karakana. Bunduki ya .22 iliyolala miaka 40 katika nyumba ya mbao mahali penye unyevunyevu kama Embu mjini, penye mvua ndefu za Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba, huja na kutu nyekundu juu ya mtutu na kitako kilichovimba. Iliyokaa Mbeere, kwenye joto kavu, chuma chake huwa afadhali, lakini mbao imepasuka na pengine mchwa wameishi ndani yake. Fundi hufanya jambo moja kabla ya yote: kuhakikisha haina risasi ndani. Baadaye husoma maandishi. Namba iliyo kwenye mtutu inapaswa kulingana na iliyo kwenye cheti. Isipolingana, kazi inasimama hapo hapo na polisi wanaitwa. Kisha hutafuta alama ndogo za kupimwa, zile taji na herufi ambazo nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa 1813, hugonga kwenye mtutu uliofaulu. Alama hizo ndizo cheti cha kuzaliwa cha bunduki. Anayezisugua kwa msasa ili ing'ae amechoma nusu ya thamani yake.

Kutu hulainishwa kwa mafuta mepesi, ikaachwa siku kadhaa, ndipo ikasuguliwa pole pole kwa pamba ya chuma laini kabisa. Siri ya mtutu iko ndani. Risasi za .22 za kabla ya mwisho wa miaka ya 1920 zilikuwa na kiwashio kinachoacha chumvi, na mwenye bunduki asiposafisha jioni ileile, asubuhi kutu imeshaanza kuchimba michirizi iliyosokotwa ndani ya mtutu. Mtu akichungulia mtutu wa namna hiyo kuelekea dirishani haoni duara linalong'aa. Anaona madoa meusi kama ya ndui. Ng'ambo kuna dawa ya ugonjwa huo tangu zamani: mtutu hutobolewa, bomba jembamba jipya likaingizwa na kukazwa ndani yake. A. G. Parker wa Birmingham alijenga jina kwa kazi hiyo, na jeshi la Uingereza liligeuza bunduki nyingi za .303 kuwa za .22 za mazoezi kwa njia kama hiyo. Ni kazi inayotaka mashine ya kukereza yenye usahihi na mtu mwenye subira. Vyuo vya ufundi vya Meru na Embu vinafundisha vijana kutumia mashine za kukereza. Kinachokosekana kati ya chuo na karakana ya namna hii ni usajili.

Kitako ndicho sehemu ambayo mlima huu ungeweza kujitangaza nayo. Viwanda vya Ulaya hutumia mbao ya mjozi, kwa sababu ni nyepesi, haipindi na hukubali mafuta ya kitani. Hapa kuna mwaloni wa Meru, Vitex keniensis, mti unaoota kiasili katika misitu ya Meru, Chuka na Embu na ambao maseremala wameutumia miaka mingi kwa makabati na milango. Mbao yake ina michoro inayopendeza na hufanyika vizuri chini ya patasi. Seremala wa Meru angeweza kuchonga kitako bila kuigusa bunduki hata mara moja: muuzaji aliyesajiliwa hupima, humtumia kielelezo, naye hurudisha mbao. Ila mti wenyewe ni adimu. Tangu Februari 2018, serikali ilipositisha ukataji katika misitu ya umma, suala la mbao za asili limekuwa la kuvutana hadi mahakamani, na anayetaka mwaloni wa Meru wa halali humtegemea mwenye mti shambani kwake, na vibali vyake. Kwa kazi ndogo kama ya vitako, mti mmoja uliopandwa na mkulima ungemtosha fundi kwa muda mrefu sana. Nadhani hapa pana nafasi ya kweli, na haihitaji kubadilisha sheria ya silaha.

Gharama zikijumlishwa, mtu anaona kwa nini vijana hawaingii. Risasi za .22 huagizwa nje. Kiwanda cha Eldoret kilijengwa kuhudumia jeshi na polisi, na kile cha silaha ndogo cha Ruiru, kilichofunguliwa Aprili 2021 chenye uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka, ni cha vyombo vya usalama pia. Ongeza sanduku la chuma, ada ya cheti ya kila mwaka, safari za Nairobi na siku za kazi zinazopotea foleni. Bunduki ambayo sokoni haina mnunuzi haiwezi kubeba mzigo huo. Anayeitunza leo anaitunza kwa mapenzi.

Lakini nimezungumza mno juu ya bunduki za walowezi, na si hizo zenye thamani kubwa zaidi hapa mlimani. Zenye thamani ni zile zilizotengenezwa msituni. Baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliingia misituni wakiwa na silaha chache sana za kiwandani. Miongoni mwao walikuwamo askari wa zamani wa KAR, jeshi la kikoloni, waliopigana Burma, na wahunzi wa vijijini waliojua moto na nyundo tangu utotoni. Mikononi mwao mabomba ya maji, komeo za milango, mipira ya magurudumu na mbao ya msituni vikawa bunduki. Nyingi zilikuwa hatari zaidi kwa anayezishika kuliko kwa anayelengwa. Hata hivyo ukitazama moja kwa karibu unaona kazi ya fundi: kitako kimechongwa kufuata umbo la Lee-Enfield ya askari wa Kiingereza, kimelainishwa mpaka pale shavu linapolala, na bomba limefungwa kwa mikanda ya chuma iliyopangwa kwa nafasi sawa. Mtu aliyefanya kazi ile alikuwa na njaa, alikuwa anasakwa, na bado alipima.

Hizo ndizo bunduki ambazo mkusanyaji yeyote makini duniani angezitamani, na ambazo mlima huu ungepaswa kuwa na mkusanyiko wake bora kuliko wote. Ukitaka kuziona leo, mahali pa uhakika ni London. Jumba la Imperial War Museum na lile la National Army Museum yote mawili yana bunduki za Mau Mau za kujitengenezea, zilizochukuliwa na wanajeshi wa Kiingereza kama kumbukumbu au ushahidi. Zimeandikwa, zimepigwa picha, zimewekwa mahali pakavu. Sina chuki na mtunzaji wa London. Kazi yake ameifanya. Uchungu wangu ni kwamba mtoto wa Chuka au wa Maua hupanda ndege kwenda kuona kazi ya mikono ya babu yake.

Sababu ya uhaba wake huku nyumbani inaeleweka. Chini ya kanuni za Hali ya Hatari, kukutwa na silaha au hata risasi kulimpeleka mtu kwenye kitanzi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa makosa ya Mau Mau, na Dedan Kimathi mwenyewe, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, alihukumiwa kwa kupatikana na bastola. Katika hali ile nani angeweka bunduki kama kumbukumbu? Uhuru ulipofika, Musa Mwariama, jemadari mkuu wa Meru, alitoka msituni Desemba 1963, lakini uhusiano wa wapiganaji na serikali mpya haukudumu. Baimungi, mwenzake, aliuawa mapema 1965. Familia zilijifunza kunyamaza. Bunduki iliyofukiwa chini ya mgomba ikaachwa ifukiwe.

Zilizofichuka baadaye, pamoja na za wizi na za mpakani, ziliishia kwenye tanuri. Kufuatia Azimio la Nairobi la Machi 2000 na Itifaki ya 2004 kuhusu silaha ndogo, Kenya imekuwa ikiteketeza hadharani silaha zilizokusanywa. Novemba 2016 huko Ngong zilichomwa 5,250. Juni 2021, zikiwashwa na Rais Uhuru Kenyatta, 5,144. Kuziondoa silaha za ujambazi ni jambo la kupongezwa. Lakini katika rundo la maelfu kama hayo, bomba la maji lenye kitako cha mbao linafanana na takataka, na bunduki kuukuu ya .303 iliyorudishwa na polisi wa akiba inafanana na chuma chakavu. Mtu mmoja mwenye ujuzi kutoka makumbusho, akipewa asubuhi moja kulipitia rundo kabla moto haujawashwa, angeokoa vitu ambavyo haviwezi kutengenezwa tena. Kuzilemaza zisiweze kufyatua kamwe ni kazi ya fundi mmoja na mashine moja.

Ndugu zetu wa Oman wanaonyesha kwamba urithi huu unaweza kuwa biashara ya heshima. Maskati ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa kitovu cha biashara ya bunduki katika bahari hii yote, mpaka Sultani alipoziweka chini ya ghala moja la serikali mwaka 1912. Leo, katika soko la Nizwa, bunduki kuukuu zilizovishwa fedha huuzwa karibu na majambia, na mafundi wa kuzitengeneza wapo. Hali ya usalama ya Oman si ya Tigania, na sipendekezi Gakoromone ipate soko la bunduki. Nachukua kutoka Nizwa jambo moja tu: pale mahali pa kuuza na kutengeneza panapojulikana, ufundi haufi.

Kwetu mahali pa kuanzia ni jengo ambalo tayari lipo. Makumbusho ya Meru yako katika nyumba ya mwaka 1916 iliyokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya, ofisi ileile ya utawala ulioleta bunduki na ukaandika nani anaruhusiwa kuwa nazo. Yalifunguliwa kwa umma mwaka 1974, na ndani yake kuna sehemu ya silaha za jadi za Wameru. Makumbusho ya mashinani, kwa Katiba ya 2010, ni jukumu la kaunti. Silaha na polisi ni jukumu la serikali kuu. Kwa hiyo Kaunti ya Meru na ya Embu haziwezi kutoa leseni, lakini zinaweza kutenga chumba, kulipa mtunzaji, na kuiandikia Bodi ya Leseni za Silaha pamoja na Makumbusho ya Taifa kuomba mambo mawili. La kwanza, haki ya kuchagua kabla ya uteketezaji, kwa sharti kwamba kila kitakachochaguliwa kilemazwe kwanza. La pili, muuzaji aliyesajiliwa, hata mmoja, aruhusiwe kufungua karakana upande huu wa mlima, chini ya jicho la polisi, awahudumie wakulima wa Timau na wa Embu na kuwafundisha vijana wawili watatu.

Hesabu yake si kubwa. Mkulima angeokoa safari za Nairobi. Fundi angepata kazi ya bunduki chache kwa mwezi, akichanganya na kazi nyingine za usahihi. Seremala wa mwaloni wa Meru angepata oda. Makumbusho yangepata sababu mpya ya kuvuta wageni ambao sasa hupitiliza kwenda Mbuga ya Meru kuona alipozikwa simba Elsa, hawasimami mjini hata kwa kikombe cha chai. Hakuna atakayetajirika kwa bunduki za .22. Ila biashara ndogo yenye daftari safi ni bora kuliko mali kubwa iliyofukiwa.

Mpaka hilo litakapotokea, nina ombi kwako wewe msomaji wa Igembe, Nkubu, Chuka, Runyenjes au Siakago ambaye nyumbani kwenu kuna kitu kilichofungwa gunia tangu enzi za mzee. Usikisafishe, usikijaribu, na usimpelekee fundi wa mtaani. Usijiambie kwamba kwa kuwa ni cha zamani hakihitaji cheti; hilo si lako kuamua. Tafuta wakili au mzee wa mtaa aliye karibu na chifu, wasiliana na kituo cha polisi kabla ya kukisogeza, na uandike kwa mkono wako kila unachokijua: kilikuwa cha nani, alikipata wapi, alikibeba lini. Karatasi hiyo itunze hata kama silaha yenyewe itachukuliwa, na nakala yake uipeleke Makumbusho ya Meru.